Mikaratusi ya Mwenyekiti

Jumamosi hiyo chemchemi ilikuwa inatoa maji kama mzee mwenye maradhi ya kibofu: kidogo, inakata, inafikiri, halafu kidogo tena. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walishazoea. Waliweka ndoo chini ya bomba, wakafunga mikono kifuani, wakachagua mtu wa kusengenya, na hata walipokuwa wamemchambua kutoka utosini hadi unyayoni, ndoo ilikuwa bado nusu.

Juu yao kidogo, kwenye mteremko, watu kumi na wanane wa Kikundi cha Kujitolea cha Kuhifadhi Chemchemi walikuwa wanachimba mashimo ya miti. Walipanda miti kila mwaka, kwa sababu kila mwaka maji yalipungua, na dawa ya maji kupungua, kama Mwenyekiti wao alivyowaeleza mpaka wakaweza kummalizia sentensi, ni kupanda miti. Mwaka wa kwanza walipanda arobaini. Maji yakapungua. Mwaka wa pili wakapanda sitini. Maji yakapungua zaidi. Mwaka wa tatu Mwenyekiti alipandwa na hasira, akaamuru themanini na minne kwa mpigo, na maji, badala ya kuogopa, yakazidi kupungua. Sasa ulikuwa mwaka wa nne. Miche thelathini ilikuwa imepangwa kwenye nyasi, yote mikaratusi, na Mwenyekiti alikuwa anapita katikati yake mikono nyuma kama mkuu wa majeshi anayekagua gwaride.

Dobi alikuwa wa tisa kwenye foleni, na ndoo sita. Alikuwa mke wa Mwenyekiti, lakini bomba halikuwa na habari hiyo. Kwenye daftari la kikundi alikuwa mwanachama namba mbili. Mumewe ndiye aliyemwandikisha, bila kumuuliza, ila hakuwahi kuchimba shimo hata moja kwa sababu kila Jumamosi ilimkuta hapo hapo kwenye foleni. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili, na mtu aliyewahi kufua mashuka ya nyumba ya wageni hawezi tena kuwaheshimu binadamu kwa urahisi. Shuka jeupe linataka kusuuzwa mara tatu. Ukilisuuza mara mbili sabuni inabaki, na ukipitisha pasi linatoa madoa ya kahawia. Kwa miezi miwili sasa alikuwa anasuuza mara mbili, na meneja wa nyumba ya wageni alikuwa ameanza kumuuliza kwa upole wa kutisha, "Mama, haya mashuka yako mbona yana ramani?"

Mumewe alikuwa tarishi wa ofisi kwa miaka thelathini na mmoja. Alibeba mafaili, barua, birika la chai, na mara moja kiti cha mkubwa kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya tatu kwa sababu mkubwa alikuwa amepandishwa cheo na hakutaka kuachana nacho. Siku ya kumuaga walimpa saa ya ukutani na miche arobaini ya mikaratusi iliyobaki kwenye sherehe fulani. Saa ilikufa baada ya wiki tatu. Miche ikashika.

Miche hiyo ndiyo iliyoanzisha kikundi, na ndiyo iliyomfanya aitwe Mwenyekiti. Na sasa hata dada yake wa tumbo moja alimwita hivyo.

Pikipiki ilipanda kilima saa nne na nusu. Alikuwa afisa misitu, binti mwembamba aliyevaa mabuti makubwa kuliko miguu yake. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyemwita, kwa barua yenye mhuri, aje kuona kazi na kuwapa miche mingine mia tatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba binti yangu. Karibu msituni kwetu." Akanyoosha mkono kuelekea mikaratusi, ambayo ile ya mwaka wa kwanza ilikuwa imeshapita nguzo za umeme. "Haya yote ni nguvu ya kujitolea. Hatujalipwa hata senti."

Binti alipita kati ya miti akigusa mashina. Akachuchumaa, akachokonoa udongo kwa kidole, akatazama ndoo zilizopangana chini ya bomba. Aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta maneno ya kumwambia mgonjwa.

"Mzee, nani aliwashauri mpande mikaratusi hapa?"

Mwenyekiti alinyoosha mkono juu kama mtoto wa shule mwenye jibu. "Mimi."

"Mlikuwa mnataka kukausha kinamasi?"

"Kinamasi? Binti, hii ni chemchemi."

"Naona. Ndiyo maana nauliza. Mikaratusi hupandwa na watu wanaotaka kukausha kinamasi. Inakunywa maji mchana kutwa. Kwenye chanzo cha maji hairuhusiwi kabisa." Akashusha sauti, lakini mteremko ule ulipeleka sauti moja kwa moja kwenye foleni. "Mzee wangu, hii miti ndiyo inayokunywa maji yenu."

Majembe yalisimama. Dobi aliinua macho, akatazama nyuso za wanakikundi moja baada ya nyingine, na alichokiona kikamtia baridi: hakuna aliyeshangaa. Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye katibu, alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Mkaa, ambaye alikuwa muuza mkaa na vilevile mweka hazina wa kikundi cha kuhifadhi mazingira, na hakuona tatizo lolote katika hilo, alikuwa anapima mashina kwa macho kama mtu aliyesimama kwenye bucha. Wengine walikuwa wamegundua ghafla kwamba makucha yao ni machafu.

"Una umri gani, binti?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ishirini na sita."

"Mimi nimekaa ofisi kubwa miaka thelathini na mmoja." Hakusema alikaa wapi humo ofisini, kwa kweli hakukaa, alisimama. "Miti inaleta mvua. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Mvua iko juu, mzee. Mimi nazungumzia mizizi. Ikateni yote, mpande miti ya asili, mikuyu na kadhalika. Miche nitawaletea mwenyewe. Na visiki vitachipua, itabidi mvunje machipukizi kila mara. Maji hayatarudi kesho wala keshokutwa, pengine baada ya misimu miwili."

Alikataa soda waliyomwandalia, akawasha pikipiki, akaenda zake. Mwenyekiti alibaki ameshika soda ile. Kisha akaiweka chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Haya. Shimo linalofuata."

Na wakachimba. Watu wazima kumi na saba, wenye akili zao, ambao wameambiwa sasa hivi kwamba wanakausha maji yao wenyewe, walipanda mikaratusi mingine thelathini kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuweka jembe chini. Hiyo ndiyo adabu, na adabu ikizidi ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine.

*

Jioni ile walikula watu watatu: Mwenyekiti, mkewe, na wifi, dada yake Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameachwa na waume wawili na kwa hiyo alijiona mtaalamu wa ndoa.

"Kaka, usihuzunike," wifi alianza. "Watoto wa siku hizi wakishika cheti tu wanataka kukojolea kila kitu cha wakubwa."

"Sihuzuniki. Nasikitika kwa ajili ya taifa."

Dobi aliweka sahani chini. "Meneja kaniachisha kazi leo."

Wote wawili wakamtazama.

"Mashuka kayapeleka kwa mwenye mashine. Kasema nikipata maji nirudi tuzungumze. Hakunigombeza hata kidogo. Kanipa na kipande cha sabuni nikafulie nyumbani, kama mtu anayempa ombaomba."

"Ukame," Mwenyekiti alisema.

"Sio ukame, Baba watoto. Ni miti."

"Kwa hiyo na wewe unamsikiliza mtoto wa juzi?"

"Nasikiliza ndoo. Zamani nikiweka ndoo nahesabu mpaka arobaini, imejaa. Leo nimehesabu mpaka mia sita, nikachoka, nikaanza kuhesabu meno ya watu."

"Wifi!" wifi aliingilia. "Mume akiwa chini unamwongezea jiwe?"

"Wewe nyamaza. Maji ya kuoga kesho utayatoa wapi?"

Wifi alifungua mdomo, akafikiri, akaufunga. Alikuwa mwanamke anayependa kuoga.

Mwenyekiti alisimama. Alikuwa na kikao na wakubwa wa mtaa siku ya Jumatatu, akasema kwa sauti ya ofisini, "Nitahitaji shati langu jeupe."

"Maji ya kufulia shati lako yako kwenye mti," mkewe alimjibu. "Nenda ukaukamue."

Hakuwa amewahi kumwambia neno kama hilo tangu waoane. Mwenyewe alishtuka. Lakini lilikuwa limeshatoka, na kwa kweli lilimpa raha, kwa hiyo hakulirudisha. Tangu siku ile hakufua nguo ya mumewe hata soksi. Jumatatu Mwenyekiti alikwenda kikaoni na shati lenye kola ya rangi ya chai. Ijumaa iliyofuata alikuwa amegeuza fulana nje ndani, na shingoni kibandiko cha kiwandani kilionekana wazi. Mke wa dobi hujulikana kwa nguo zake, watu walitania, sembuse mume wa dobi.

*

Katikati ya wiki iliyofuata, Mwenyekiti alipokuwa ametoka, Mwalimu na Mama Mkaa walikuja nyumbani kwa kunyata kama watu waliokuja kuposa binti wa mtu mkali. Walikuta Dobi ameketi kwenye beseni lililogeuzwa, mikono mapajani. Hakuwa amewahi kuonekana ameketi saa nne asubuhi.

"Tumekuja tukuombe, shemeji," Mwalimu alisema. "Umwambie. Wewe ndiye mtu wa karibu."

"Nimeshamwambia."

"Umwambie vizuri."

"Nimwambieje vizuri, Mwalimu? Nimwimbie?" Akamkazia macho. "Wewe ulijua tangu lini?"

Mwalimu alikohoa. "Nilisoma kitabuni. Mwaka wa pili, kama sikosei."

"Ukafanya nini?"

"Nikaliweka kwenye muhtasari wa kikao."

"Uliandika nini?"

Mwalimu alitazama juu ya paa, ambako hakukuwa na kitu. "Niliandika kwamba Mwenyekiti apongezwe."

Mama Mkaa alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza alivuta kigoda, akainamisha kichwa. "Sikiliza, shoga yangu. Mimi nina msumeno na nina watu. Alfajiri tunaingia, tunakata yote, jua likitoka tunapiga mayowe. Wezi! Wezi wamevamia msitu wa Mwenyekiti! Tunalia naye, tunamshika mkono, yamekwisha. Hakuna aliyeaibika. Na magogo hayapotei, mimi nitayasitiri."

Dobi aliufikiria mpango ule kuliko alivyopenda kukiri baadaye. Ulikuwa mpango mzuri. Ulimwacha kila mtu na heshima yake, na Mama Mkaa na mkaa wake.

"Kesho yake atafanya nini?" aliuliza hatimaye.

"Nani?"

"Mwenyekiti. Akiibiwa miti mia mbili na kumi na minne, kesho yake atafanya nini?"

Wageni wakatazamana.

"Atapanda mingine," Mwalimu alisema kwa huzuni.

"Na wewe utachimba shimo."

Walipoondoka Dobi alibaki pale pale kwenye beseni, hasira ikimtoka taratibu na kitu kibaya zaidi kikichukua nafasi yake. Maana alikuwa amemhoji Mwalimu kama askari, na hakuna aliyekumbuka kumhoji yeye. Siku ile ya mwaka wa pili, wakubwa walipokuja kumpa mumewe cheti, asubuhi yake alikuwa amejaza ndoo na hesabu ikafika mia moja. Alikuwa ameona nyasi zilizokauka chini ya miti, na mfereji wa chini uliokuwa ukimwagilia bustani umebaki ufa. Aliunganisha mwenyewe, bila kitabu. Kisha mumewe akarudi na kile cheti na akazungumza. Mtu ambaye kwa miaka thelathini alirudi nyumbani na kusema "nimechoka" na "nipe maji", alizungumza mpaka chakula kikapoa, akicheka, akiigiza sauti za wakubwa waliomshika mkono. Dobi alimtazama, akameza alichokuwa nacho mdomoni, pamoja na chakula.

*

Alhamisi, mchana kweupe, Mwenyekiti alikuja kwenye chemchemi na ndoo ndogo na kipande cha sabuni mfukoni. Nguo zilikuwa zimemshinda. Mwanamume peke yake kwenye foleni ya wanawake ishirini, alisalimia kwa heshima zote, na maongezi yakakatika kana kwamba mtu amezima redio.

"Pita mbele, Mwenyekiti," alisema wa mwisho.

"Pita, pita, Mwenyekiti wetu," alisema aliyemtangulia.

Akapita. Kila aliyemfikia alivuta ndoo yake pembeni. Alipita wanawake kumi na mmoja hivyo, akishukuru kwa kichwa, mpaka akamfikia wa kumi na mbili, ambaye hakuvuta ndoo.

"Foleni inaanzia kule nyuma," Dobi alimwambia.

Watu wakainamisha nyuso. Mwenyekiti alisimama pale muda wa kutosha kila mtu kumwonea huruma, kisha akageuka, akawapita tena wote kumi na mmoja, akasimama mwisho. Masikio yake yalikuwa yamewaka. Dobi naye moyo ulimuuma, tena sana, lakini hakugeuka nyuma.

Foleni ilikwenda kwa mwendo wake, yaani haikwenda. Saa ya kwanza Mwenyekiti alisimama wima. Saa ya pili aliketi juu ya ndoo. Kwa miaka minne alikuwa ameitazama foleni hii kutoka juu ya mteremko, na kutoka kule ilionekana kama watu wanaopumzika. Sasa aliona jinsi mwenye mtoto mgongoni anavyobadilisha mguu, na jinsi mwanamke aliyefika kwenye bomba anavyolikinga kwa viganja ili hata tone lisidondoke pembeni. Aliona pia kwamba kila akitazama juu kwenye miti, ishirini wote wanatazama chini.

Alikuwa tarishi. Miaka thelathini na mmoja aliingia vyumbani na kukuta watu wamenyamaza ghafla, na hakuna aliyemshinda kujua ukimya gani ni wa kawaida na ukimya gani unamhusu yeye.

"Mmejua tangu lini?" aliuliza.

Hakuna aliyeuliza kujua nini. Bomba lilidondosha tone, likadondosha jingine.

"Mwaka wa pili, Mwenyekiti," alisema Mama Mkaa, ambaye mdomo wake haukuwahi kulaza kitu.

"Nyote?"

"Mimi nilichelewa," alisema mke wa fundi baiskeli kwa unyenyekevu. "Mimi nilijua mwaka jana."

"Na mkaendelea kupanda?"

"Ulikuwa umeshaita watu."

"Mbona hamkuniambia?"

Walitazamana, kila mmoja akimtegea mwenzake. Mwishowe yule mwenye mtoto mgongoni, ambaye hata hakuwa mwanachama, alijibu kwa sauti ya kumbembeleza.

"Ulikuwa unafurahi sana, Mwenyekiti."

Alikaa kwenye foleni mpaka zamu yake ikafika, akakinga nusu ndoo, akashukuru.

Dobi alikuwa amemsubiri njiani. Wakaenda pamoja, yeye na ndoo kichwani, mumewe na yake mkononi, ikimgonga goti na kumwagika kwa kila hatua.

"Wale ni watu baki," mumewe alisema. "Wewe je, ulijua tangu lini?"

Angeweza kusema alijua siku ya afisa misitu. Ingepita. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa na viatu.

"Siku ya cheti," alisema.

Mumewe akasimama, akaweka ndoo chini. "Miaka miwili, mama watoto. Ukanifulia mashati meupe, ukaniangalia natoka kwenda kujiaibisha."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilishindwa kuwa mimi ndiye wa kukurudisha kwenye utarishi."

Alitamani maneno hayo yangekuwa laini zaidi, lakini hakuwa na mengine. Mumewe alitazama ndoo yake ndogo kana kwamba imeandikwa kitu ndani. Kisha akaibeba, akatangulia, na hawakuzungumza mpaka Jumamosi.

*

Jumamosi walikusanyika mteremkoni, wote, na wengi wa foleni wakapanda kusikiliza. Mwenyekiti alisimama mbele na lile shati lenye kola ya chai. Alikuwa amelifua mwenyewe kwa nusu ndoo, na sasa mbali na kola, lilikuwa na ramani.

"Ndugu wanakikundi," alisema, "nimewapandisha miti mia mbili na kumi na minne. Nimewakausha. Leo tunaanza kuikata, na tutaikata mpaka iishe. Yule binti nimempigia simu nikamwomba radhi, ataleta mikuyu. Nani ana swali?"

Mwalimu alisimama na daftari kifuani. "Sio swali, Mwenyekiti, ni pendekezo. Kwa jinsi Mwenyekiti alivyotuongoza kwa ujasiri katika kupanda, na sasa kwa ujasiri uleule katika kukata, naomba Mwenyekiti apongezwe."

Wakapiga makofi! Walipiga makofi ya dhati, wifi akapiga na vigelegele.

"Mwalimu," Mwenyekiti alisema, "kaa chini." Akasubiri kelele ziishe. "La pili. Najiuzulu."

Hapo ndipo ghasia zilipoanza. Hapana, hapana, haiwezekani! Nani atatuongoza? Fundi baiskeli alisema bila Mwenyekiti kikundi ni baiskeli bila mnyororo. Mama Mkaa alijifuta jicho lililokuwa kavu kabisa. Mwenyekiti aliwatazama, na Dobi, aliyesimama pembeni, aliona uso wa mumewe ukianza kulainika, mabega yakipanda kidogo kidogo. Alikuwa anawaamini tena. Mungu wangu, alikuwa anafurahi.

"Basi tupige kura," Mwenyekiti alisema, na sauti ilikuwa na uchangamfu aliojaribu kuuficha. "Wanaotaka niendelee?"

Mikono kumi na saba. Fundi baiskeli alinyoosha yote miwili.

"Wanaotaka nitoke?"

Aliuliza kwa kukamilisha utaratibu tu. Alikuwa ameshaanza kugeuka.

Dobi alinyoosha mkono.

"Wifi!" wifi alilia kama aliyechomwa na mwiba. Mtu alicheka, akajizuia. Mkono wa Dobi ulikaa juu, mkono mwekundu wa sabuni wenye kucha zilizolika, na hakuushusha hata mumewe alipogeuka na kumtazama ana kwa ana.

"Sababu?" Mwenyekiti aliuliza.

"Hawa hawataki kukuudhi," alisema. "Ukikosea tena watachimba tu. Na utakosea, kwa sababu wewe ni mtu, siyo nabii. Kama mikuyu nayo itakuwa na kasoro, nataka awepo mwenyekiti anayeambiwa. Wewe hukuambiwa. Mimi ni mkeo na sikukuambia." "Nilikaa kimya mara moja, ikanitosha."

Upepo ulipita juu ya mikaratusi, ambayo iliendelea kunywa bila kujali. Watu walisubiri amfokee. Wengine, tuseme ukweli, walikuwa wanatamani.

"Mwalimu," alisema, "andika. Kura ni moja dhidi ya kumi na saba. Mwenyekiti ametoka."

Mwalimu alikuna kichwa kwa kalamu. "Mwenyekiti, kwa hesabu hiyo hujatoka."

"Andika nimetoka."

Mwalimu aliandika. Ilikuwa amri ya mwisho aliyopewa na Mwenyekiti, na kama amri zote alizowahi kupewa, aliitii.

Mzee alishuka pale aliposimama, akaenda moja kwa moja kwenye mkaratusi wa kwanza, ule mnene kuliko wote. Msumeno wa Mama Mkaa ulikuwa wa watu wawili, mpini huku na mpini huku. Alishika mpini mmoja, akapiga goti, akangoja. Fundi baiskeli alijongea, akasita. Hakuna aliyejua kama mtu aliyejiuzulu husaidiwa au huachwa. Dobi alifunga kanga kiunoni, akaenda upande wa pili, akapiga goti naye.

Msumeno uliruka, ukakwaruza gome, ukanasa. Wakauchomoa, wakaanza tena, ukanasa tena. Mzee alikuwa anatoka jasho na anatumia nguvu zote za mwili wake.

"Unasukuma," mkewe alimwambia.

"Nini?"

"Unasukuma. Hausukumwi. Vuta kwako, halafu legeza, mimi nivute kwangu."

Akajaribu. "Hivi?"

"Hapana."

Alifuta uso kwa bega, akashika mpini upya. "Hivi?"

"Bado unasukuma."

Akalegeza. Msumeno ukateleza ukaenda kwa mkewe, ukarudi kwake, ukaenda tena, na unga mweupe wa mti ukaanza kumwagika magotini pao, umelowa maji.

"Hivi?" aliuliza.

"Hapo sawa," alisema Dobi, na wakavuta.